Tende, Unga na Kahawa: Nani Anamlea Mwenzake?

(Maandishi ya mhadhara uliotolewa kwa vijana jijini Nairobi, muda mfupi kabla ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema inamstahiki Allah (SWT), Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuipasua mbegu ikaota. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliofuata njia yao mpaka siku ya mwisho. Ama baad.

Wazee wetu, kina mama, na hasa nyinyi vijana wenzangu wa kiume na wa kike. Leo sitaongea juu ya fadhila za funga wala hukumu zake. Hayo masheikh wetu wametueleza na wataendelea kutueleza, Inshaallah. Mimi nataka tuongee juu ya kitu ambacho kiko mbele yetu kila siku jua linapozama, na tumekizoea mpaka hatukioni tena. Nacho ni ile sahani ya futari.

Katika Sura Abasa, kuanzia aya ya 24, Allah (SWT) anamtaka mwanadamu akitazame chakula chake. Halafu anaorodheshewa: maji yaliyomiminwa, ardhi iliyopasuliwa, nafaka, zabibu, mboga, mizeituni, mitende. Angalieni vizuri. Aya haikusema akile tu, bali akitazame, maanake akifikirie. Basi hebu leo, kabla ya adhana, tukitazame. Na swali letu ni moja: kati ya mwanadamu na mimea anayoilima, nani anamlea mwenzake?

TENDE NA MKONO WA MWANADAMU

Tuanze na tende kwa sababu ndiyo sunna. Anas bin Malik (RA) ametupokelea kuwa Mtume (SAW) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi zilizoiva kabla ya kuswali. Asipozipata, kwa tende kavu. Na akikosa hizo, kwa mafunda ya maji. Hadithi hii hata mtoto wa darasa la kwanza la madrasa anaijua. Lakini je, tunajua tende inazaliwa vipi?

Mtende una dume na jike. Jike ndilo linalozaa, dume lina unga wa kuzalishia tu. Ukiliachia upepo lile jike, litapata mazao machache na hafifu. Kwa hivyo, tangu zama za Iraq ya kale, maelfu ya miaka iliyopita, mkulima amekuwa akikwea mtende jike na kuweka vishada vya maua ya dume katikati ya maua ya jike kwa mkono wake mwenyewe. Dume moja linatosha majike hamsini hivi. Waarabu wanaiita kazi hiyo ta'bir, au talqih.

Na kazi hii imeingia katika hadithi. Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Mtume (SAW) aliwapitia watu wa Madina wakifanya ta'bir, akasema kwamba hadhani kama inasaidia kitu. Wakaiacha. Mwaka ule mavuno yakawa mabaya. Alipoelezwa, akawafahamisha kuwa yeye ni binadamu, na kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Wanavyuoni wameitumia hadithi hii kwa mambo mengi, lakini leo mimi nataka tuone moja tu: elimu ya mkulima ilipewa heshima yake. Yule mzee anayekwea mtende ana elimu, na elimu yake ikiachwa mwaka mmoja tu, watu wanakosa chakula.

Jambo la pili kuhusu tende. Ukipanda kokwa, hujui kitakachoota. Nusu hivi ya miche itakuwa madume, na majike yatakayopatikana hayatazaa tende kama ile uliyoila. Kwa sababu hiyo aina nzuri haipandwi kwa kokwa. Hupandwa kwa machipukizi yanayotoka penye shina la mama. Maanake kila tende ya Medjool, zile kubwa laini zinazouzwa bei ghali, inatoka katika mti ambao ni kipande cha mti mwingine, nao ni kipande cha mwingine, mnyororo usiokatika wa mikono ya watu.

Na mnyororo huo ulikaribia kukatika. Huko Morocco, ugonjwa wa mitende unaoitwa bayoud uliiua mitende mingi sana. Mwaka 1927 machipukizi 11 ya Medjool yalichukuliwa kutoka mji wa Bou Denib yakapelekwa Marekani, yakatengwa katika jimbo la Nevada ili kuhakikisha hayana ugonjwa. Yakapona 9. Mashamba makubwa ya Medjool ya Marekani yametokana na hayo 9. Ndugu yangu, machipukizi tisa!

Mwone basi mtende ulivyo. Hauwezi kuzaa vizuri bila mkono wa mtu. Na mtu wa jangwani hangeweza kuishi bila mtende. Kila mmoja amemshika mwenzake.

SUKUMA WIKI NA KOLIFLAWA NI NDUGU

Tuje nyumbani. Ukienda soko la Kangemi au Kawangware jioni, utamkuta mama anakatakata sukuma wiki kwa kisu kwa kasi ambayo mimi naiogopa. Ukivuka ukaingia supamaketi za Westlands, utakuta koliflawa na brokoli zimefungwa kwa plastiki, bei yake inatosha sukuma ya wiki nzima ya nyumba mbili. Je, unajua kwamba hizo zote ni mmea mmoja?

Ndiyo. Sukuma wiki, kabeji, brokoli na koliflawa ni aina moja kwa mujibu wa elimu ya mimea. Babu yao ni mmea wa mwituni wa pande za bahari ya Mediterania. Mahali pamoja watu walipenda majani, wakawa kila msimu wanachukua mbegu ya ule wenye majani mengi. Baada ya vizazi vingi ikapatikana jamii ya sukuma. Pengine walipenda ule unaojikunja, ikapatikana kabeji. Wengine walipenda maua yake kabla hayajafunguka, ikapatikana brokoli, ikapatikana koliflawa. Hakuna aliyekuwa na maabara. Walikuwa wakulima na wake zao, wakiamua kila mwaka mbegu ipi irudi ardhini na ipi iingie chunguni.

Katika Sura Ar-Ra'd, aya ya 4, Allah (SWT) anatukumbusha kwamba ardhini mna vipande vinavyopakana, na mashamba, na mitende, vyote vinanyweshwa maji yale yale, na bado Yeye akafanya baadhi kuwa bora kuliko vingine katika kuliwa. Anasema hizo ni ishara kwa wenye akili. Tofauti ile ameiweka Yeye ndani ya mbegu. Mwanadamu kazi yake ni kuchagua tu.

Kuna mtu atauliza: je, huku si kubadilisha maumbile ya Allah? Ni swali zuri, na tusilikimbie. Ta'bir ya mitende ilikuwa mkono wa mtu kuingilia uzazi wa mmea, na haikukatazwa. Kuchagua mbegu bora ni jambo ambalo Waislamu wamelifanya karne zote, na vitabu vya kilimo wakaandika huko Andalusia. Ama mazao yanayohamishiwa vinasaba katika maabara, hilo ni suala jingine. Hapa Kenya serikali iliyapiga marufuku kuingizwa mwaka 2012, ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Hilo tuwaachie mafaqihi na wataalamu walijadili kwa elimu. Mimi najadili mkono wa mkulima.

KAHAWA: KUTOKA KWA MASUFI HADI LORESHO

Sasa tuje kwa kahawa, ile tunayoinywa baada ya tarawehe. Hapa wakaazi wa Nairobi, na hasa nyinyi mnaokaa upande wa magharibi wa jiji, mkae vizuri kwa sababu hadithi inawahusu.

Mti wa kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya Uhabeshi. Kutoka huko ulivuka bahari ukaingia Yemen, na katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa usiku ili wasisinzie katika dhikri. Neno lenyewe, qahwa, ni la Kiarabu, na bunn nalo ndilo limetupa sisi neno buni. Mkulima wa Kiambu anapouita mbuni ule mzigo wa kahawa iliyokaushwa na maganda yake, anatamka neno ambalo mwanafunzi wa madrasa angelitambua.

Mmea huu uliwabadilisha watu haraka. Ulibadilisha usiku. Watu wakawa na mahali pa kukaa baada ya Isha pasipo pombe. Wakubwa wakaingiwa na wasiwasi: mwaka 1511 gavana wa Makka, Kha'ir Beg, aliipiga marufuku kahawa, na baadaye Cairo ikamkatalia. Wanavyuoni walibishana miaka mingi kama ni halali. Leo ni nani anayekumbuka ubishi huo? Kahawa ilishinda.

Kutoka Yemen, Wafaransa waliipeleka kahawa katika kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa kinaitwa Réunion, mnamo miaka ya 1710. Mapadri wa Kifaransa wakaileta Afrika Mashariki, wakaipanda Bura huko Taita mwaka 1893, na baadaye katika misheni yao ya St Austin's, pale ambapo sisi leo tunapaita Lavington. Kutoka hapo mbegu ikaenea kwa mashamba ya walowezi kuzunguka Nairobi, na kahawa hiyo ikaitwa French Mission.

Halafu Kabete. Wale wanaopita Waiyaki Way wanakiona kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO. Jengo lake la zamani lilianza kama nyumba ya wagonjwa kupumzika, na kuanzia mwaka 1922 likawa Scott Laboratories, maabara ya kilimo ya serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1930 watafiti wa hapo walizunguka wakichagua miti ya kahawa, mmoja mmoja, wakaangalia ni upi unazaa vizuri na ni upi unavumilia ukame. Kila mti uliochaguliwa ukapewa herufi SL na nambari. Miti ilikuwa 42 hivi. SL28 ilitokana na kahawa iliyovumilia ukame iliyopatikana Tanganyika. Na SL34? Ilitokana na mti mmoja tu, uliokuwa katika shamba la Loresho, hapo hapo Kabete.

Mti mmoja wa Loresho! Leo Loresho ni mtaa wa nyumba za fahari, na SL28 na SL34 ndizo zimeipa kahawa ya Kenya jina duniani. Mtu aliye Tokyo au London akilipa pesa nyingi kwa kikombe cha kahawa ya Kenya, huenda anakunywa kizazi cha mti uliosimama mahali ambapo leo ni geti la mtu na kamera.

Lakini tusiisimulie hadithi hii kana kwamba ni ya sifa tupu. Mmea huo huo uliwabadilisha watu wa hapa kwa njia chungu. Ardhi ilichukuliwa. Mwafrika aliichuma kahawa ila hakuruhusiwa kuipanda. Majaribio machache yalianza miaka ya 1930 sehemu kama Kisii na Meru, na mlango ulifunguliwa kweli kweli katika miaka ya 1950. Ulipofunguliwa, kahawa ikasomesha watoto, ikajenga nyumba za mabati kote Kiambu, Murang'a na Nyeri. Kufikia msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna takriban tani 130,000. Halafu bei zikaanguka, vyama vya ushirika vikaingia madeni, watu wakang'oa miti. Miaka ya karibuni tumekuwa tukivuna tani 50,000 hivi au pungufu, na mashamba mengi yaliyolizunguka jiji yamegeuka mitaa na maduka makubwa.

Kuna somo jingine ndani ya kikombe. Arabika yote inayolimwa duniani imetokana na mbegu chache zilizotoka Uhabeshi na Yemen, kwa hivyo miti yake inafanana mno, na ugonjwa ukiupata mmoja unaipata yote. Kutu ya majani ilipoingia kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka, mwaka 1869, iliimaliza kahawa yao, na ndiyo sababu wakageukia chai. Hapa kwetu ugonjwa wa buni uligunduliwa mwaka 1922, ukapiga vibaya sana mwishoni mwa miaka ya 1960. Watafiti wa Ruiru wakafanya kazi miaka mingi kuchanganya mbegu, hadi wakatoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Na kinga hiyo waliipata wapi? Katika jamaa wengine wa kahawa, ambao wasingekuwa wamehifadhiwa wasingepatikana.

UNGA ULIOINGIA MPAKA KATIKA ZAKATUL FITRI

Sasa unga. Hapa Nairobi mtu anaweza kula chapati, pilau na sambusa, kisha akakwambia, "Sijakula, sijaona ugali."

Mahindi hayakutoka Uhindini, licha ya jina lake. Yametoka Mexico. Miaka kama 9,000 iliyopita wenyeji wa huko walianza kulima jani moja la mwituni liitwalo teosinte, ambalo kishada chake kina punje chache tu, kama kumi hivi, kila moja ndani ya ganda gumu. Kwa kuchagua na kuchagua, wakatoa gunzi lenye mamia ya punje zilizo wazi, zimeshikana, zimefunikwa kwa maganda. Zuri kwa mlaji. Lakini kwa mmea? Gunzi hilo haliwezi kujipanda. Likianguka lenyewe, miche yote inaota mahali pamoja inanyongana. Mwanadamu akitoweka leo, mahindi yanatoweka naye baada ya misimu michache.

Yalifika pwani yetu na Wareno katika karne ya 16, yakakaa karne nyingi kama mgeni wa kawaida. Chakula cha wazee wetu kilikuwa mtama, wimbi, uwele na kunde, mimea iliyozaliwa Afrika hii hii. Wimbi limetoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na Uhabeshi, na miaka elfu kadhaa iliyopita lilivuka bahari likawa chakula cha watu wa India. Lakini mkoloni alipoleta mashamba na reli, vibarua walilishwa posho ya unga wa mahindi. Unga mweupe ukawa chakula cha mfanyakazi, kisha cha mjini, kisha cha kila mtu. Mwaka 1964 kituo cha Kitale kilitoa mbegu ya kwanza ya mahindi chotara yenye damu ya mahindi kutoka Ecuador, nayo ikaenea kwa wakulima wadogo kwa kasi kubwa. Mtama na wimbi vikasukumwa pembeni.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Mwezi huu ukiisha tutatoa Zakatul Fitri. Katika hadithi ya Ibn Umar (RA) kilichotajwa ni saa' moja ya tende au ya shayiri. Maswahaba hawakuyajua mahindi. Yalikuwa ng'ambo ya bahari ambayo hakuna msafiri wao aliyewahi kuivuka. Lakini mafaqihi walisema mtu atoe chakula kinacholiwa na watu wa mji wake. Basi usiku wa kuamkia Idi, hapa Nairobi, Muislamu anapima pishi moja, vibaba vinne, na familia nyingi zinampa maskini unga wa mahindi au mchele. Mmea wa Mexico umeingia katika ibada yetu! Hii inaonyesha upana wa sharia yetu. Inaonyesha pia jinsi tulivyofungwa na mmea huu.

Na kufungwa huko kuna hatari. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikula kile walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho kilikuwa mahindi. Mwaka 2011 huko Bomet ukatokea ugonjwa mpya unaokausha shamba zima la mahindi, ukaenea nchi jirani. Na kila bei ya unga inapopanda, wewe mwenyewe unaona jinsi mitaa ya Kangemi na Kawangware inavyonung'unika na wanasiasa wanavyokosa usingizi. Nyumba iliyosimama juu ya nguzo moja, nguzo ile ikitikisika ni nyumba nzima inatikisika.

MMEA UKIACHA KULIWA, UNAKUFA

Mti wa mwituni unaishi ukiachwa. Mmea unaolimwa ni kinyume: ukiachwa, unakufa. Mbegu yake isipopandwa miaka michache, inaoza, na hakuna pesa itakayoirudisha. Hivi ndivyo ilivyotaka kutokea kwa mboga za kienyeji: managu, ambayo watu wa pwani wanaiita mnavu, pamoja na saga, terere, mrenda na kunde. Kwa miaka mingi mjini zilionekana ni chakula cha maskini na cha washamba. Waliozihifadhi ni nyanya zetu, waliokuwa wanafunga mbegu kwenye kitambaa na kuzining'iniza juu ya moshi wa jikoni.

Kisha Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, akatumia miaka mingi kuzitafiti na kuwashawishi Wakenya kwamba mboga hizi zina lishe kubwa na zinakomaa haraka. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya kisayansi. Leo managu inauzwa soko la Kangemi na pia katika hoteli za katikati ya jiji. Ilirudi kwa sababu gani? Kwa sababu kuna waliokuwa bado na mbegu.

Hapa nikumbushe kisa cha Nabii Yusuf (AS). Alipoifasiri ndoto ya mfalme, aliwaelekeza walime miaka saba, na walichovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kile kidogo cha kula. Halafu akataja miaka saba migumu itakayokula akiba yote, isipokuwa kidogo watakachokihifadhi. Wafasiri wametueleza kuwa hicho kidogo ni cha mbegu. Yaani hata njaa ikifika kooni, kuna fungu lisiloliwa!

Nasi tuna ghala la Yusuf karibu yetu. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Naivasha, ukapita Kikuyu, unafika Muguga, na pale ndipo ilipo benki ya taifa ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1988. Mna sampuli takriban 50,000 za mbegu katika baridi kali. Lakini benki peke yake haitoshi, kama vile msahafu uliofungiwa kabatini hautoshi. Lazima pawe na walioihifadhi kifuani. Hifadhi ya kweli ya mbegu ni shamba la mkulima na chungu cha mama. Ndiyo sababu wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, maana sheria ya mbegu iliweza kumtia mtu jela kwa kuuziana na jirani yake mbegu isiyosajiliwa. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha katiba. Jambo hili linawahusu Waislamu kama linavyowahusu Wakenya wote, kwa sababu mbegu ni riziki ya watu wote.

SASA TUFANYE NINI?

Mimi na wewe, vijana wa mjini, tusio na hata futi kumi za ardhi, tufanye nini? Nataja mambo manne, nawe uongeze lako.

Kwanza, tuache israfu. Sura Al-An'am, aya ya 141, inataja mashamba, mitende na mazao ya ladha mbalimbali, ikaamrisha haki yake itolewe siku ya kuvunwa, ikamalizia kwa kukataza ufujaji. Mwezi wa funga ndio mwezi ambao mapipa yetu ya taka yanashiba kuliko miezi mingine. Je, hilo linafanana na Ramadhani?

Pili, tupanue sahani. Uji wa wimbi wakati wa daku unakaa tumboni. Mtama, mihogo, viazi vitamu, kunde, mnavu: kila unaponunua kimojawapo, unampa mkulima sababu ya kukipanda tena msimu ujao. Pesa yako ndogo pale sokoni ni kura.

Tatu, tupande. Gunia la udongo kwenye kibaraza linazaa sukuma na terere. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Muislamu hapandi mti wala hasii mbegu, akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huwa ni sadaka kwake. Na Imam Ahmad amepokea kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza aupande. Kama siku ile mche unapandwa, vipi leo ambapo tuna asubuhi na jioni?

Nne, tuheshimu elimu ya kilimo. Kijana akiitwa kusomea kilimo pale Upper Kabete, nyumbani kunakuwa kama matanga. Akiitwa udaktari, ni mawlidi. Nani atatulinda na ugonjwa ujao wa mahindi au wa kahawa? Kuna fardhi kifaya hapa. Na wewe ambaye husomi kilimo, Idi hii ukienda kumsalimia nyanya au babu, usiondoke na pilau peke yake. Muulize walikuwa wakila nini kabla ya mahindi kutawala, mbegu zake zinaitwaje, na ziko wapi. Andika majina. Omba kiganja kimoja cha mbegu, uondoke nacho.

Basi turudi kwa swali letu: nani anamlea mwenzake? Sisi tumeilea mimea hii mpaka haiwezi kusimama bila sisi, nayo imetulea mpaka hatuwezi kusimama bila yake. Na sote, sisi na mimea, tunalelewa na Mmoja. Katika Sura Al-Waqi'ah tunaulizwa kama ni sisi tunaootesha tunachokipanda au ni Yeye. Jibu tunalijua. Lakini ametupa amana katikati, nayo ni kuchagua: mbegu ipi tuirudishe ardhini, na ipi tuile. Waliotutangulia walichagua vizuri, ndiyo maana leo tuna cha kufuturia. Waliopo nyuma yetu watafuturu kwa kile tutakachokichagua sisi.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika riziki uliyoturuzuku. Tujaalie tuwe wenye kushukuru, tusiwe wenye kufuja. Walishe wenye njaa, wape mvua yenye manufaa wakulima wetu, na uzitakabali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.